Rhapta: Kuuchora Mji wa Mto Usioacha Jiwe

Kila aliyesoma historia ya sekondari Tanzania amekutana na Rhapta. Inakuja kwa sentensi moja au mbili, karibu na mahali Kilwa inapotajwa: kwamba zamani sana, kabla ya Kilwa kujulikana, palikuwa na soko la pwani liitwalo Rhapta, na wageni walikuja hapo kununua pembe za ndovu. Mwalimu anapita, wanafunzi wanaandika, mtihani unauliza, basi. Mji huo ulikuwaje? Nyumba zake zilikuwa za aina gani? Mkubwa wao alikuwa nani, na aliishi wapi? Hayo hayamo kwenye notisi.

Maswali hayo yalinijia kwa njia ya kazi. Rafiki yangu mmoja wa Tanga ni mchoraji wa katuni. Alikuwa anaanza kitabu cha picha kwa ajili ya vijana, hadithi ya kubuni inayotokea Rhapta, na akaniomba nimsaidie upande wa historia. “Wewe ni mwandishi wa habari, kaka,” aliniambia. “Kazi yako ni kuniambia nini kipo na nini hakipo.” Kisha akanionyesha mchoro wa kwanza. Ulikuwa mzuri kweli. Mto mpana, ukuta wa mawe pande zote mbili, minara, ngazi zinazoshuka majini, ikulu yenye kuba juu ya kilima. Unaweza kuuchukua mchoro ule ukaupeleka kwenye mchezo wowote wa kompyuta, watoto wakaupenda.

Shida ni kwamba hakuna kitu hata kimoja kwenye mchoro ule kilichotoka kwenye vyanzo, isipokuwa mto.

Tukakubaliana kanuni. Kila kitu kitakachoingia kwenye mchoro kitapewa rangi moja kati ya tatu pembeni mwa karatasi. Nyekundu: chanzo cha kale kimesema. Kijani: chanzo hakikusema, lakini ardhi, mto au wachimbaji wa mambo ya kale wanatuambia. Bluu: tumebuni wenyewe. Bluu haikukatazwa, maana hadithi bila kubuni si hadithi. Sharti lilikuwa moja tu, bluu isijifanye nyekundu.

Sasa tuanze na nyekundu, maana ni chache mno. Rhapta inajulikana kwa maandishi mawili makubwa. La kwanza linaitwa Periplus ya Bahari ya Erythraea, mwongozo wa mabaharia na wafanyabiashara ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 baada ya Kristo na mtu wa Misri asiyejulikana jina. La pili ni Jiografia ya Ptolemy wa Alexandria, ya katikati ya karne ya 2. Yule wa Periplus anaandika kama mfanyabiashara: bandari hii, siku kadhaa za safari, leta hiki, chukua kile. Ptolemy anaandika kama mtu wa ramani aliyekusanya habari za wengine.

Wa Periplus anasema Rhapta ndilo soko la mwisho kabisa la Azania, yaani pwani yetu, safari ya siku mbili baada ya kisiwa kiitwacho Menouthias. Anasema jina lake limetokana na vyombo vya mbao zilizoshonwa, kwani kwa Kigiriki neno hilo linatokana na kushona. Anasema pembe za ndovu zipo nyingi, na magamba ya kasa pia. Anasema watu wake ni wakubwa wa miili, na kila mmoja mahali pake anajifanya kama mtawala. Anaongeza kuwa eneo hilo liko chini ya mtawala wa Mapharitis, sehemu ya kusini-magharibi ya Yemen ya leo, na kwamba watu wa bandari ya Muza wanalishika na kulitoza ushuru. Watu hao wa Muza hutuma manahodha na mawakala Waarabu wanaoijua nchi na lugha yake, na ambao wameoa huko. Kisha anaorodhesha bidhaa: mikuki iliyotengenezwa Muza hasa kwa ajili ya soko hili, mashoka, visu, vyuma vya kutobolea, shanga za vioo. Na sehemu nyingine huletwa divai na nafaka, si kwa kuuza, bali kwa kujipatia urafiki wa wenyeji.

Ptolemy anaongeza mambo mawili yenye uzito kwa mchoraji. Anaiita Rhapta “metropolis”, mji mkuu, na anasema umekaa ndani kidogo kutoka baharini, kwenye mto wenye jina hilohilo.

Hiyo ndiyo nyekundu yote. Ukiichapa haijazi ukurasa.

Swali la kwanza la mchoraji likawa: mto upi? Hapa watu wazima hugombana. Wapo wanaosema Rufiji, na wana sababu. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amechimba kwa miaka mingi upande ule, na mwaka 1999 alichapisha habari za shanga zenye asili ya Dola ya Roma zilizopatikana eneo la Rufiji. Wapo wanaosema Dar es Salaam, upande wa Msasani. Na wapo wanaosema Pangani. Mwaka 1944 jarida la Tanganyika Notes and Records lilitoa makala iliyoitetea Pangani kama kituo cha biashara cha kale.

Mimi ni mtu wa Muheza. Mtu wa Muheza akiambiwa achague, anachagua Pangani, na hilo nalisema wazi ili msomaji ajue nimesimama wapi. Lakini hatukuwa mahakamani. Kitabu kinahitaji mto mmoja, tukaupa Pangani na kuutia bluu. Ikija kuthibitika ni Rufiji, watu wa Utete watatudai mchoro wao, na watakuwa na haki.

Baada ya kuchagua mto, mto wenyewe ukaanza kutuamuru. Pangani unaanzia kwenye maji ya Kilimanjaro na Meru, unapita chini ya milima ya Upare na Usambara, unafika Korogwe, kisha kabla ya kufika pwani unakutana na maporomoko. Leo hapo pana mitambo ya umeme, Hale na Pangani. Chombo cha baharini hakivuki hapo. Kwa hiyo mji wa “ndani kidogo kutoka baharini” lazima uwe chini ya maporomoko, mahali ambapo maji ya bahari bado yanausukuma mto.

Nilikwenda Pangani mjini kuuliza hilo, maana mwendo wa maji nilitaka kuusikia kwa mtu anayeuishi. Pale karibu na kivuko cha kwenda Bweni nilimkuta mzee amekaa kwenye ngalawa iliyopinduliwa.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Unatoka gazetini nini? Naona kalamu.”

Nikamweleza. Hakushangaa hata kidogo. Aliniambia kuwa mtu anayejua mto hapigi kasia bure. Maji yakijaa yanakupeleka juu, yakipwa yanakurudisha. Siku za bamvua unafika mbali, siku za maji mafu hata usijisumbue. “Huo mji wenu,” akasema, “kama ni wa watu wenye akili, utakuwa mahali ambapo mtu anafika kwa maji kujaa mara moja. Asilale njiani. Mizigo ikilala njiani inapungua.”

Akacheka mwenyewe. Lakini kalamu ya kijani ilipata kazi. Tukauweka mji kwenye mzingo wa mto, umbali wa safari ya maji kujaa mara moja, ukingo mmoja ukiwa na mikoko, mwingine ukipanda kwenye ardhi kavu. Mzee alinieleza pia kuwa siku hizi chumvi inapanda juu kuliko zamani, kwa sababu maji mengi yanatumika huko yanakotoka, na minazi iliyokuwa ikinywa maji baridi inakufa. Mto wa mchoro wetu ulikuwa na maji matamu karibu zaidi na bahari kuliko huu wa leo.

Minazi ilituletea kesi ya pili. Mchoro wa kwanza ulikuwa na minazi kila mahali, na nyuma yake mashamba. Sasa fikiria mandhari ya kwetu halafu anza kufuta. Mkonge? Futa. Uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, miche ikapandwa Kikogwe, hapohapo karibu na mdomo wa mto Pangani. Mahindi? Futa. Mihogo? Futa. Vyote viwili vilitoka Amerika, na havikuvuka bahari mpaka baada ya Wareno kuanza safari zao. Machungwa, ambayo ndiyo sifa ya Muheza stendi nzima? Futa. Chai ya milimani, futa. Inauma kidogo kuona nchi yako inavuliwa nguo namna hiyo. Ukimaliza unabaki na mbuyu, mkwaju, ukindu, miyaa, msitu wa Usambara ukiwa mzima, na mashamba ya mtama na uwele.

Na mnazi? Kwenye orodha ya bidhaa zinazotoka Rhapta kuna neno moja la Kigiriki ambalo halieleweki. Baadhi ya wasomi wanaliona ni kosa la mnakili aliyekusudia kuandika nazi, au mafuta ya nazi. Wengine wanasema hapana, ni aina ya kombe la baharini. Unaweza kudhani ni ugomvi wa maprofesa tu. Kwa mchoraji ni ugomvi wa kamba. Vyombo vile vilishonwa kwa kamba gani? Kama mnazi ulikuwepo, ni kamba za makumbi, kama mitepe ya baadaye ya Waswahili, ile ambayo mfano wake ulijengwa mwaka 2003 na kuwekwa Beit al-Ajaib, Unguja. Kama mnazi haukuwepo, basi ni ukindu, au nyuzi za magome ya mbuyu. Tukachora kamba bila kuonyesha zimetokana na nini, na rafiki yangu akatia mnazi mmoja tu, mchanga, mlangoni kwa nahodha mgeni. Bluu.

Niseme kitu kuhusu hao wanakili, maana hapa ndipo niliposhtuka kuliko pote. Periplus yote tunayoisoma leo inategemea muswada mmoja wa karne ya 10, uliopo Heidelberg, Ujerumani. Kati ya mwandishi na muswada huo ilipita miaka kama 900 ya watu kunakili kwa mkono. Sasa, pale anapowaeleza watu wa pwani hii wakubwa wa miili, kuna neno lililoharibika. Wahariri wanalirekebisha kwa kubahatisha herufi. Ukilirekebisha kwa njia moja linakuwa “maharamia”. Ukilirekebisha kwa njia nyingine linakuwa “wakulima”.

Rudia kusoma sentensi hiyo. Wilfred Schoff, aliyetoa tafsiri yake ya Kiingereza mwaka 1912, alifuata uharamia. Lionel Casson, mwaka 1989, alifuata ukulima. Watu ni walewale, pwani ni ileile, karatasi ni ileile. Katika tafsiri moja babu zetu wanavizia merikebu, katika nyingine wanapalilia mtama. Na kwa miaka mingi waliosoma tafsiri ya kwanza hawakuambiwa kuwa neno hilo lilikuwa la kubahatisha.

Rafiki yangu alitaka maharamia. Si kwa ubaya, kwa sababu maharamia wanauza kitabu. Tukabishana kwenye simu karibu saa nzima. Mimi sikumwambia kuwa babu zetu walikuwa malaika, maana hata hilo halimo kwenye chanzo. Nilimuuliza tu: mji unaokusanya pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa, mwaka hadi mwaka, na wageni wanarudi, wanaoa, wanajifunza lugha, mji huo unaendeshwa na watu wa aina gani? Haramia hapewi zawadi ya divai na nafaka ili awe rafiki yako. Anayepewa zawadi hiyo ni mwenyeji mwenye uwezo wa kukataa kukuuzia. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, “Haya kaka, tuwape majembe. Lakini mmoja lazima awe mkorofi.” Nikamkubalia mkorofi mmoja. Bluu.

Kuhusu mawe tulichukua muda mrefu zaidi. Ptolemy amesema mji mkuu, na ukimwambia mtu wa leo “mji mkuu wa kale” anaona mawe. Tumefundishwa hivyo na Kilwa, Gedi na Tongoni. Magofu yapo, unayagusa, unapiga picha. Rhapta haina gofu hata moja linalojulikana kwa uhakika, na ukimya huo unasikika kama aibu. Hata baadhi ya wasomaji wa historia wanasema pembeni: labda haukuwa mji, ni kijiji tu ambacho Wagiriki walikitia chumvi.

Jibu langu liko milimani, na haliendi mbali hata miaka 200. Vugha, si mbali na Soni, ulikuwa makao makuu ya ufalme wa Wakilindi uliotawala Usambara. Johann Ludwig Krapf alifika kwa mfalme Kimweri ye Nyumbai mwaka 1848 na tena 1852. Richard Burton na John Hanning Speke walifika Februari 1857, wakipitia bonde la mto huuhuu wa Pangani. Burton aliandika kuwa Vugha ilikuwa na vibanda kama 500 na watu kama 3,000. Mji wa nyumba za miti, udongo na nyasi, za mviringo, ambao amri zake zilisikika kuanzia milimani mpaka karibu na bahari. Jiwe la ukuta haukuwa nalo. Baada ya Kimweri kufariki, ufalme ukaingia vitani, na mtoto wake Semboja akaishambulia Vugha na kuichoma moto akiwa na nguvu yake kule Mazinde, bondeni, kwenye njia ya misafara.

Je, Vugha haukuwa mji? Tunajua ulikuwa mji kwa sababu watu waliuandika wakiwa wameusimamia. Zaidi ya wazungu hao, tunaye Abdallah bin Hemedi ’lAjjemy, mtu wa pwani aliyewahi kumtumikia Semboja, ambaye aliandika Habari za Wakilindi kwa Kiswahili. Kitabu hicho kilichapwa kwa sehemu kati ya 1895 na 1907 na mtambo wa wamisionari wa UMCA pale Magila, Msalabani, hapahapa Muheza. Bila yeye na wenziwe, mtu wa mwaka 3000 angepita Vugha akaona migomba na kusema hapakuwa na kitu. Rhapta ilikuwa hapo miaka 1,700 na zaidi kabla ya Vugha. Pwani ina mvua na mchwa, na mto unahama kitanda chake. Kukosa ukuta kunatuambia walijenga kwa miti na udongo, hakutuambii kuwa hawakujenga.

Basi tukaubomoa mchoro wa kwanza. Ukuta ukaondoka, minara ikaondoka. Zikaja nyumba za miti na udongo, nyingi mno, zimebanana kwenye ukingo mkavu. Kwa upande wa kijani tulikuwa na msaada. Miaka ya 1960 Robert Soper alieleza aina ya vyungu viitwavyo vya Kwale, vya karne za mwanzo baada ya Kristo, na vyungu vya jamii hiyo vimepatikana pwani pamoja na Usambara na Upare. Maana yake wakati wa Periplus, au karibu na hapo, watu wa milimani na watu wa pwani walifinyanga kwa mkono unaofanana. Hao pia walikuwa watu wa kufua chuma. Kwa hiyo mikuki ya Muza haikuletwa kwa watu wasiojua chuma. Rafiki yangu akachora mhunzi ameushika mkuki wa mgeni, anaupima uzito, uso wake haujaridhika. Ni picha ninayoipenda kuliko zote.

Nyumba za kwenye visiwa vya mto zilitoka juu zaidi. Wasafiri wa karne ya 19 waliwakuta watu wa bonde la Pangani, upande wa Korogwe, wakiishi kwenye visiwa katikati ya mto kwa ajili ya usalama. Tukaazima kisiwa kimoja, tukakitia bluu, tukaweka humo ghala la pembe.

Ikabaki ikulu. Kwenye mchoro wa kwanza ilikuwa katikati, juu ya kilima, na macho yote yanaelekea huko. Lakini chanzo kinasema kila mmoja mahali pake alijifanya mtawala. Mgeni aliandika hivyo pengine kwa kejeli, kama mtu aliyezoea mfalme mmoja na kaisari mmoja. Kwa mtu wa Bonde, yaani Muheza, sentensi hiyo haina cha kushangaza. Wabondei walitawaliwa na Wakilindi, na ufalme ulipoyumba baada ya Kimweri, katika miaka ya 1860 mwishoni, waliwafukuza watawala hao katika vita iitwayo Kiva. Watu wangu wanajua namna ya kuishi bila ikulu katikati. Tukaifuta ikulu. Badala yake kuna nyumba tano za wakubwa, kila moja na uwanja wake, gati lake na ugomvi wake na jirani. Hadithi ikawa tamu zaidi, maana mgeni akifika haijui nyumba ya kubisha hodi kwanza.

Na Waarabu wa Muza? Hapa nilipata ushauri wa kila aina. Mmoja aliniambia tuwaondoe, tusije tukawapa nguvu wale wanaosema kila cha maana pwani kililetwa. Mwingine akaniambia tuwape mji wote, ndivyo kitabu kinavyosema. Wote wawili walitaka kukata sentensi nusu. Chanzo kinasema watu wa Muza walitoza ushuru, na chanzo hichohicho, karibu mstari uleule, kinasema wenyeji walikuwa watawala kila mmoja mahali pake, na kwamba mawakala wale walilazimika kujua lugha ya wenyeji na kuoa kwao. Mwandishi alipata habari zake kwa watu wa biashara. Ukimuuliza mtoza ushuru nani mwenye mji, atakujibu ni yeye. Ukimuuliza baba mkwe wake, atakujibu vingine. Kwa hiyo wakala wa Muza yumo kitabuni, ana kibanda chake na mizani yake, na ana wakwe. Anazungumza lugha ya kwao kwa lafudhi mbaya na watoto wake wanamcheka. Mizani ni bluu, lafudhi ni bluu. Ndoa ni nyekundu.

Tulipomaliza ukurasa mkubwa wa katikati, ule unaofunguka mara mbili kuonyesha mji mzima, nilihesabu rangi. Nyekundu ilikuwa ndogo kuliko zote, kama chumvi kwenye mchuzi. Mchapishaji mmoja aliyeonyeshwa alisema mji umekuwa “wa kawaida sana”, eti vijana wanataka kitu cha kujivunia. Nimelifikiria neno lake kwa wiki kadhaa. Kama fahari yetu inahitaji kuba na minara ambayo hakuna aliyesema ilikuwepo, basi tunayemsifu ni jirani wa kubuni, si babu. Mji wa udongo uliowafanya watu wa Bahari ya Shamu waje mpaka mwisho wa dunia waliyoijua, wakiwa wamebeba divai ya kubembelezea, mimi unanitosha.

Kuna jambo moja ambalo vyanzo vyote viwili havina, na kwa mtu wa huku bara ndilo kubwa. Pembe zilifika Rhapta zikiwa nyingi, lakini tembo hawakuja wenyewe sokoni kung'olewa meno. Kuna watu waliwawinda huko nyikani, upande wa Mkomazi na kwingineko. Kuna watu walizipokea chini ya milima, wakazibeba kichwani kupita maporomoko mahali ambapo mtumbwi haupiti. Mwandishi wa Periplus aliorodhesha bei ya urafiki, akaorodhesha mikuki, lakini hakuwataja wabebaji hata kwa neno moja lililoharibika. Alisimama gatini, akaangalia mzigo ukishuka, akaandika mzigo.

Rafiki yangu amewachora. Wako pembeni kabisa mwa ukurasa, upande wa kulia, njia inapotoka msituni: watu 7, wanawake 2 kati yao, pembe mabegani, mmoja amesimama kutoa mwiba mguuni. Nyuma yao milima imechorwa kwa penseli tu. Kwenye karatasi ya kazi wote 7 wana alama ya bluu, na tumekubaliana kwamba maelezo chini ya picha yatasema hivyo hivyo: hawa hakuna aliyewaandika, tumewaweka sisi.